Kidhibiti cha Mkono au cha Kielektroniki: Nani Aisimamie Presha ya Turbo?

Magari ya petroli yenye turbo si mageni tena Afrika Mashariki. Subaru Impreza WRX, Forester za turbo, Toyota Mark II na Chaser zenye injini ya 1JZ-GTE zimeingia kama mitumba kutoka Japani, zikapita mikono miwili mitatu, na leo zinakimbia Mombasa, Nairobi, Arusha na Dar es Salaam. Mwenye gari la namna hiyo akianza kutamani nguvu zaidi, ushauri wa kwanza anaopewa gereji huwa ni kupandisha presha ya turbo, na hapo huwekewa mezani vifaa viwili. Cha kwanza ni kidhibiti cha mkono, kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba, chenye skrubu ya kukaza na kulegeza. Cha pili ni kidhibiti cha kielektroniki, chenye kisanduku cha kuwekwa ndani ya gari, vali ya umeme na nyaya zake, na bei mara kadhaa ya kile cha kwanza. Mjadala unaofuata karibu kila mara huwa ni kipi kinatoa nguvu nyingi zaidi. Swali hilo halifiki mbali, kwa sababu vyote viwili vikifungwa vizuri vinaweza kufikisha presha ileile. Vinapotofautiana ni pale hali inapobadilika: mlima unapoanza, joto linapopanda, mafuta yanapokuwa hafifu, au mpira unapochomoka. Kwa gari la barabarani, linaloendeshwa na mtu ambaye macho yake yako kwenye matuta na bodaboda na hayako kwenye geji, hoja yangu ni kwamba kidhibiti cha kielektroniki ndicho kinachofaa, na mara nyingi kile bora zaidi tayari kimo ndani ya gari tangu kiwandani. Cha mkono kina nafasi yake ya haki, ila ni nafasi nyembamba kuliko bei yake inavyotushawishi.

Tuanze na kinachodhibitiwa. Turbo ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliliwekea wazo hilo hataza mwaka 1905, na msingi wake haujabadilika. Moshi wa moto unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu dogo la tabini. Tabini huzungusha kompresa iliyo upande wa pili wa shafti hiyohiyo. Kompresa hushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaweza kuchomwa, na nguvu huongezeka. Tatizo ni kwamba mzunguko huu hujilisha wenyewe. Moshi mwingi huleta hewa nyingi, hewa nyingi huleta moto mkubwa, na moto mkubwa huleta moshi mwingi zaidi. Turbo inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikiachiwa ijiendee, itazidi kupandisha presha mpaka kitu kivunjike. Ndiyo maana pembeni ya tabini huwekwa kilango, kiitwacho westigeti, ambacho kikifunguka sehemu ya moshi hupita kando bila kuigusa tabini. Kilango hicho huvutwa na fimbo inayotoka kwenye kopo dogo la bati lenye diaframu na springi ndani yake. Mpira mwembamba huleta presha ya kompresa mpaka kwenye kopo. Presha ikiishinda springi, fimbo husogea na kilango hufunguka. Springi ikiwa imepimwa kwa psi 7, kipimo kilekile tunachojazia upepo wa matairi, turbo nayo itatulia karibu na psi 7. Kidhibiti cha aina yoyote, cha bei yoyote, kina kazi moja tu: kulificha kopo hilo ukweli kuhusu presha iliyopo, ili lichelewe kufungua kilango.

Kidhibiti cha mkono hufanya udanganyifu huo kwa njia mbili. Aina ya kwanza huvujisha sehemu ya hewa inayokwenda kwenye kopo, hivyo kopo huhisi psi 7 wakati injini inapokea 10 au 12. Aina ya pili, ambayo mafundi wengi huipendelea, ina gololi ndogo iliyokaliwa na springi. Gololi huziba njia kabisa mpaka presha ifike kiwango kilichowekwa kwa skrubu, kisha hunyanyuka na kuruhusu hewa ipite kulifikia kopo. Udogo wake usimfanye mtu akidharau: kwenye mwili wake huwa kuna tundu la kuvujishia, dogo kiasi cha ncha ya sindano, ambalo kazi yake ni kuachia hewa iliyonaswa kati ya gololi na kopo dereva anapoondoa mguu. Vumbi likiziba tundu hilo, kopo hubaki na presha, kilango hukaa wazi, na gari huwa zito kana kwamba turbo imekufa. Mipira ikifungwa kinyume, upande wa kompresa ukapelekwa kwenye kopo na wa kopo kwenye kompresa, hewa haipiti kabisa, kilango hakifunguki, na presha hupanda bila kikomo. Fundi mwenye kujua hukaza skrubu robo mzunguko kwa robo mzunguko, akijaribu gari barabarani kila mara, kisha hufunga nati ya kushikilia isisogee kwa mtikisiko.

Kidhibiti cha kielektroniki hukaa kwenye njia ileile ya mpira, lakini badala ya gololi kina vali ya umeme, yaani solenoidi, inayofunguka na kujifunga mara nyingi kwa sekunde. Kisanduku chake hupokea taarifa kutoka kwenye sensa ya presha, hulinganisha presha iliyopo na ile iliyoagizwa, kisha hurekebisha muda ambao vali hukaa wazi. Presha ikipungua, vali hulinyima kopo hewa zaidi, ikizidi, hulirudishia. Hesabu hiyo hurudiwa tena na tena wakati dereva anaendelea na safari yake. Vingi huruhusu kuhifadhi viwango viwili au zaidi, cha chini kwa matumizi ya kila siku na cha juu kwa siku ya mashindano, na kuhama kutoka kimoja hadi kingine ni kubonyeza kitufe. Vingi pia huwekewa mpaka wa hatari: presha ikiuvuka, kisanduku hupiga kengele na kuiachia vali, ili gari lirudi kwenye presha ya springi peke yake. Kwa kifupi, cha mkono ni kufuli na cha kielektroniki ni mlinzi. Kufuli ni imara na halilali, lakini halijui kinachoendelea upande wa pili wa mlango.

Ushahidi wa kwanza wa tofauti hiyo uko kwenye gia na milima. Kidhibiti cha mkono kwa kawaida hupangwa gia ya tatu, kwenye barabara tambarare, kwa mbio fupi. Turbo haipandishi presha kwa namna moja katika kila gia. Gia ya kwanza na ya pili injini hukimbilia mwisho wa mizunguko kabla turbo haijajaa. Gia ya nne na ya tano mzigo hudumu muda mrefu, moshi ni mwingi, na presha huweza kupita ile iliyopangwa. Chukua gari lililobeba abiria wanne na mizigo, likipanda Kitonga kuelekea Iringa, mguu ukiwa chini kwa dakika kadhaa mfululizo. Hapo ndipo kidhibiti hupimwa, na si kwenye mbio za sekunde tano nyuma ya gereji. Kipo pia kisa cha upande wa pili. Mizunguko ya injini ikiwa juu sana, presha ya moshi yenyewe hukisukuma kilango kifunguke kabla ya wakati, na turbo huanza kupoteza presha pale dereva anapoihitaji zaidi. Kidhibiti cha kielektroniki huliona jambo hilo kupitia sensa yake na kulirekebisha. Cha mkono hakina namna ya kuliona, na mwenye gari hushawishika kukaza skrubu robo nyingine ili kufidia upungufu wa juu, akiwa ameongeza hatari katikati.

Ushahidi wa pili ni mwinuko wa ardhi, na hapa jiografia yetu inasema mengi. Usawa wa bahari, Mombasa au Dar es Salaam, hewa inayotuzunguka ina presha ya psi 14.7. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, presha hiyo hushuka hadi karibu psi 12. Geji ya turbo husoma kile kilichozidi presha ya nje, kwa hiyo psi 14 za Mombasa na psi 14 za Nairobi huonekana sawa kabisa machoni. Kwa turbo si sawa. Mombasa kompresa inachukua hewa ya 14.7 na kuifikisha 28.7, yaani inaizidisha karibu mara 1.95. Nairobi inachukua hewa ya 12 na kuifikisha 26, yaani mara 2.17 hivi. Injini imepata hewa pungufu kuliko ilivyokuwa pwani, huku turbo ikizunguka kwa kasi kubwa zaidi na kuipasha hewa joto zaidi kuipata hiyo pungufu. Ni kweli kwamba turbo ndiyo rafiki wa nyanda za juu. Toyota Celica ya turbo ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986, katika nchi ambako injini isiyo na turbo huhema. Lakini urafiki huo una bei, na bei hiyo hulipwa na shafti na beringi za turbo. Kompyuta za magari kama Subaru WRX hupima presha ya hewa ya nje na kupunguza lengo la turbo gari linapopanda juu. Kidhibiti cha kielektroniki cha kununua dukani mara nyingi hakina akili hiyo kamili, lakini humwezesha mwenye gari kuhifadhi kiwango cha pwani na kiwango cha bara na kuvibadilisha akiwa kwenye kiti. Mwenye kidhibiti cha mkono anapaswa kusimama Voi, afungue boneti iliyopata moto, na ashike spana. Ni wachache watakaofanya hivyo.

Ushahidi wa tatu, na ulio mzito kuliko yote, ni mafuta. Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta unatakiwa uwake kwa cheche ya plagi na moto usambae kwa utaratibu. Presha ikizidi na joto likizidi, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Mlipuko huo, ambao mafundi huuita noki, hugonga kichwa cha pistoni kama nyundo, na ukirudiwa huvunja kingo nyembamba zinazoshikilia ringi za pistoni. Wenye Subaru za turbo wanaufahamu ugonjwa huo vizuri: gari huanza kula oili, kupiga moshi wa bluu na kupoteza kompresheni kwenye silinda moja. Kinga ya kwanza dhidi ya noki ni oktani ya mafuta. Magari haya yalipangwa kiwandani kwa petroli ya juu ya Japani, ambayo kiwango cha nchi hiyo kinataka iwe na oktani isiyopungua 96, wakati petroli yao ya kawaida huruhusiwa kuanzia 89. Nyuma ya kifuniko cha tangi la mengi kati yao bado kuna kibandiko cha Kijapani kinachomkumbusha dereva atie ile ya juu. Petroli ya kawaida inayouzwa kwenye vituo vyetu vingi haifiki kiwango hicho. Kwa hiyo gari linaposhuka bandarini tayari limepunguziwa ile akiba ya usalama ambayo mhandisi wake aliiweka, na anayeongeza psi 4 juu yake anachota kutoka kwenye akiba ambayo haipo.

Kwa jambo hili historia inatupa somo zuri. Kampuni ya Saab ya Sweden ilileta 99 Turbo mwishoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na westigeti ya kawaida ya springi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi wake, akiwamo Per Gillbrand aliyejulikana kwa kazi yake ya turbo, waliongeza mfumo waliouita APC. Sensa ilifungwa kwenye bloku ya injini kusikiliza noki. Kompyuta ikisikia dalili, iliamuru vali ya umeme ipunguze presha papo hapo. Matokeo yake gari lilelile liliweza kutumia petroli za oktani tofauti: mafuta mazuri yalileta nguvu zaidi, mafuta hafifu yalileta nguvu pungufu, na injini ikabaki salama. Wahandisi hao waliweza pia kuongeza mgandamizo wa injini na kupata matumizi bora ya mafuta, kwa sababu walikuwa na kitu cha kuisimamia presha. Hivyo udhibiti wa kielektroniki haukuingia kwenye magari ya familia kama pambo la vijana wa mbio. Uliingia kama kinga, kwa sababu wahandisi walikiri kwamba springi haiwezi kujua mafuta gani yametiwa asubuhi.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo muuzaji wa vifaa mara nyingi halisemi. Magari mengi ya turbo ya miaka ya 1990 na kuendelea tayari yana solenoidi ya presha inayoamriwa na kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Kompyuta hiyo inajua zaidi ya presha: inajua joto la hewa na la maji, nafasi ya kanyagio, mizunguko ya injini, na husikiliza noki. Ukifunga kidhibiti cha mkono, unachomoa solenoidi hiyo na kuiondolea kompyuta mkono wake wa kushoto. Bado inaweza kurudisha nyuma muda wa cheche ikisikia noki, lakini haiwezi tena kupunguza presha. Kidhibiti cha kielektroniki cha dukani nacho hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu kwa kawaida kinasoma presha tu na hakisikii noki. Haki lazima itendeke: kisanduku cha dola mia kadhaa si sawa na mfumo wa kiwandani. Ndiyo maana, kwa gari ambalo kompyuta yake inaweza kupangwa upya, njia iliyo bora kuliko zote mbili ni kumpelekea mtaalamu aipange programu yake, ili presha, mafuta na cheche vibadilike pamoja. Pale isipowezekana, kidhibiti cha kielektroniki ndicho kinachofuata, na cha mkono huja cha tatu.

Pingamizi la kwanza ni bei, na si la kupuuzwa. Kwenye masoko ya mtandaoni kidhibiti cha mkono hupatikana kwa dola 20 hadi 100, ilhali cha kielektroniki cha kampuni zenye jina, kama HKS, GReddy au Turbosmart, huanzia karibu dola 300 na kupanda. Kwa mshahara wa kawaida tofauti hiyo ni kubwa. Lakini hesabu hiyo haijakamilika. Anayefunga kidhibiti cha mkono bila geji ya presha anaendesha kwa kubahatisha. Bila geji ya uwiano wa hewa na petroli hajui kama injini inapata mafuta ya kutosha kwa hewa iliyoongezwa. Akivinunua hivyo viwili, kama anavyopaswa, ile nafuu imeyeyuka. Asipovinunua, amehamisha gharama tu kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye injini, na injini nzima ya mtumba, pamoja na gasketi, oili na ufundi, haijawahi kuwa nafuu kuliko kisanduku.

Pingamizi la pili ni kwamba umeme huharibika, na chuma hakiharibiki. Nyaya hukatwa na panya, soketi huingia maji, solenoidi huziba, na fundi wa mtaani anayeweza kuelewa gololi na springi huenda asielewe menyu ya kisanduku. Haya yote ni kweli, ila linalopaswa kuulizwa ni kifaa kikifa kinakufa vipi. Solenoidi iliyounganishwa ipasavyo, ikikosa umeme, huachia presha iende moja kwa moja kwenye kopo, na gari hurudi kwenye psi 7 za springi. Dereva ataudhika kwa gari kuwa zito, kisha atafika nyumbani. Kidhibiti cha mkono kikikwama na gololi kuziba njia, kilango hakifunguki, na turbo inaendelea kupanda. Lakini kuna hitilafu moja isiyobagua: mpira unaokwenda kwenye kopo ukichomoka au ukipasuka, hakuna kidhibiti, cha mkono wala cha umeme, kitakachoweza kufungua kilango. Kinachobaki kuokoa injini hapo ni mpaka wa kiwandani, kompyuta inapokata mafuta baada ya presha kuvuka kiwango. Wapo wanaofunga kifaa cha kuidanganya sensa ili mkato huo usitokee, kwa sababu unawakera wanapokimbia. Hilo ni kosa kubwa kuliko kuchagua kidhibiti kibaya. Mipira mipya ya silikoni yenye vibano kila mwisho ni ya lazima kwa mifumo yote miwili.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wapenzi wa mbio: kama cha mkono ni duni, mbona magari ya mashindano yalikitumia? Katika Formula 1 ya miaka ya 1980, madereva walikuwa na kitasa cha presha ndani ya chumba cha usukani na walikizungusha wakitaka kumpita mwenzao. Presha ilikuwa kubwa kiasi kwamba waandaaji waliiwekea kikomo cha bar 4 mwaka 1987, yaani karibu psi 58 kwa kuhesabu na ile ya hewa ya kawaida, kisha bar 2.5 mwaka 1988, kabla ya turbo kupigwa marufuku kuanzia msimu wa 1989. Lakini injini hizo zilifunguliwa na kujengwa upya baada ya kila mashindano, na za kutafuta nafasi ya kuanzia zilitarajiwa kudumu mizunguko michache tu ya uwanja. Mwenye Forester anatarajia kilomita laki moja nyingine. Anayedai pia kwamba gololi huifanya turbo ishike mapema amesema kweli akiilinganisha na springi tupu, kwa sababu kilango hubaki kimefungwa mpaka dakika ya mwisho. Kidhibiti cha kielektroniki hufanya jambo lilelile kwa kulinyima kopo hewa kabisa mwanzoni, kisha kuiachia taratibu presha inapokaribia lengo, na hivyo huepuka ule mruko wa psi 2 au 3 juu ya kiwango ambao gololi huuacha upite.

Pingamizi la nne ndilo linalosikika sana: mimi nataka psi 2 tu zaidi, kuna haja gani ya makuu? Kwa ongezeko dogo kama hilo, juu ya injini nzima yenye plagi mpya, pampu ya mafuta iliyo imara na geji ya kusoma, kidhibiti cha mkono kinaweza kufanya kazi kwa miaka bila tatizo. Nakubali hilo. Ninachokipinga ni imani kwamba psi 2 zitabaki 2. Skrubu iko karibu, inazungushwa bure, na kila robo mzunguko huleta furaha inayozoeleka baada ya wiki. Kuna pia mipaka ya kimaumbile isiyobadilishwa na kifaa chochote: huwezi kushusha presha chini ya springi ya kopo, na ukiipandisha zaidi ya mara mbili ya springi hiyo, udhibiti huanza kuyumba. Mwenye springi ya psi 7 anayetafuta psi 18 anahitaji springi nyingine, nozeli kubwa zaidi za mafuta na programu mpya. Hahitaji skrubu ndefu.

Nafasi ya haki ya kidhibiti cha mkono iko kwingine: kwenye dizeli kongwe zenye pampu ya kimakanika. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80, iliyoanza mwaka 1990, ilikuja na injini ya 1HD-T ya lita 4.2 yenye turbo ya westigeti na pampu isiyotegemea kompyuta. Injini ya dizeli haina noki ya namna ya petroli, kwa sababu mafuta huingizwa wakati wa kuwaka. Hatari yake kuu ni mafuta kuzidi hewa, jambo linaloonekana kwa moshi mweusi na joto kali la moshi. Hapo psi chache za ziada zinazotoka kwenye gololi ya bei nafuu husaidia kupooza moto na kusafisha moshi, mradi pampu isiguswe kwa tamaa. Hakuna kompyuta ya kunyang'anywa kazi, hakuna sensa ya kuikasirisha, na fundi wa Mwanza au Eldoret anaweza kukirekebisha kando ya barabara. Kwa upande mwingine, dizeli mpya zaidi kama Hilux yenye injini ya 1KD-FTV hazina westigeti ya namna hii. Turbo zake hubadilisha pembe za mapanga yanayoelekeza moshi. Magari mapya zaidi ya petroli, kama Golf za kizazi cha saba zenye injini ya lita 2, hutumia mota ndogo ya umeme kukisogeza kilango na hayana mpira wa kuchomeka kidhibiti. Kwa hayo mjadala umekwisha: ni programu au hakuna.

Basi mwenye gari la petroli aanze na mambo kwa mpangilio huu. Kwanza apime kompresheni ya silinda zote na kukagua mipira, plagi na pampu ya mafuta, kwa sababu presha mpya haiponyi injini mgonjwa, huizika. Pili afunge geji ya presha na ya uwiano wa hewa na petroli. Tatu asome namba za hitilafu kwenye kompyuta: P0234 humaanisha presha imezidi na P0299 imepungua, na zote mbili ni ishara ya tatizo la kutibiwa kabla ya kuongeza lolote. Nne aulize kama kompyuta ya gari lake inaweza kupangwa upya, na kama inaweza, fedha za kidhibiti aziweke huko. Tano aijulishe kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko, kwa kuwa bima ya gari lililobadilishwa kimyakimya inaweza kukataliwa siku ya ajali. Baada ya hapo, kama bado anahitaji kifaa cha ziada, anunue cha kielektroniki, aanze na kiwango cha chini, na aweke mpaka wa hatari psi 2 juu ya lengo lake. Asiyemudu kukinunua leo asubiri akiweka akiba. Presha ya kiwandani haijamuua mtu, na gari lenye psi 14 za uhakika litaliacha lenye psi 18 lililosimama kando ya barabara likisubiri kuvutwa.